Waliolikataa Bunge Maalumu

Februari 2015 mashine za kuandikisha wapiga kura kwa alama za vidole zilianza kazi Makambako, mji anaoupita kila abiria wa basi anayetoka Iringa kuja kwetu Chimala, wilayani Mbarali. Kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa ilikuwa imepangwa Aprili 30 mwaka huo. Mashine zilikuwa chache, uandikishaji ukaenda kwa kusuasua, na Aprili 2 Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikatangaza kuiahirisha kura hiyo. Haijapigwa mpaka leo.

Wengi huisimulia habari hii kama mkasa wa mwaka mmoja. Kwangu ni sehemu ya ubishi uliokuwapo tangu Muungano una umri wa mwaka mmoja tu: tuitishe mkutano maalumu wa kutunga katiba, au tuliachie Bunge la kawaida liirekebishe iliyopo? Waliosema tusiitishe wamekuwa na hoja zao kila zama. Baadhi ni visingizio. Nyingine zinastahili kusikilizwa kwa makini, hata na sisi tunaoitaka katiba mpya.

Wa kwanza kuliahirisha jambo hili walikuwa waasisi wenyewe. Hati za Muungano za Aprili 1964 ziliagiza kwamba ndani ya mwaka mmoja iundwe tume ya katiba na liitishwe Bunge la Katiba lenye wawakilishi wa Tanganyika na Zanzibar. Mwaka ulipokaribia kuisha, Bunge likatunga sheria ya kusogeza mbele kazi hiyo bila kutaja siku. Mazingira ya wakati ule yanaeleweka. Januari 1964 peke yake ilikuwa imeleta Mapinduzi Zanzibar na maasi ya wanajeshi Tanganyika, na vyama vya TANU na ASP vilikuwa bado vinasomana. Ikatungwa Katiba ya Muda ya 1965, nayo ikatumika miaka 12.

Bunge la Katiba lilipokuja kukaa, Aprili 1977, lilikuwa ni wabunge walewale waliogeuzwa kuwa wajumbe. Spika wao alikuwa Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe. Rasimu ilitoka kwenye tume ya watu 20 iliyoongozwa na Sheikh Thabit Kombo, tume ileile iliyokuwa imeshughulikia kuunganishwa kwa vyama kuwa CCM. Wananchi hawakuulizwa, na mjadala ulikwisha upesi mno kwa jambo zito kiasi kile. Hiyo ndiyo Katiba tunayoitumia.

Miaka ya tisini ilileta hofu ya aina nyingine. Benin, Februari 1990, mkutano wa taifa ulioitishwa na Rais Kérékou ulijitangaza kuwa na mamlaka kamili na kumnyang'anya sehemu kubwa ya madaraka. Kwa jirani zetu wa Zaire, mkutano kama huo uliofunguliwa Agosti 1991 ulimchagua mpinzani Tshisekedi kuwa waziri mkuu mwaka uliofuata, na Rais Mobutu akapambana nao mpaka nchi ikawa na pande mbili zinazodai kutawala. Watawala wa Afrika waliyaona hayo. Wanamageuzi wetu walipodai mkutano wa taifa, jibu walilopata ni Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyokusanya maoni na kutoa taarifa mwaka 1992, kisha Bunge likarekebisha Katiba na kuruhusu vyama vingi. Mkutano haukuitishwa.

Chini ya yote hayo kulikuwa na jambo ambalo watu wa Nyanda za Juu Kusini walilibeba mbele kuliko wengi: Muungano. Mwaka 1993 mbunge wa Lupa, Njelu Kasaka, alikuwa mstari wa mbele wa kundi la wabunge 55 waliotaka Serikali ya Tanganyika, na Agosti Bunge likaikubali hoja yao. Mwalimu Nyerere alishuka uwanjani akiwa mstaafu, akaandika kitabu kizima, *Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania*, akiwalaumu Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu wa CCM Horace Kolimba, mtu wa Ludewa, kwa kuyumba. Hoja yake ni kwamba serikali tatu zingeua nchi. Mwaka 1994 azimio lile likaachwa. Tangu hapo, kila anayeogopa mkutano wa katiba anajua kwamba siku wajumbe wakikaa huru, swali la kwanza mezani litakuwa ni serikali ngapi. Mwaka 1999 Kamati ya Jaji Robert Kisanga ilipendekeza tatu, na Rais Mkapa akaipinga waziwazi.

Mwishoni mwa 2010, dai lilipopamba moto, Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alisema hakuna haja ya katiba mpya, marekebisho yanatosha. Alizomewa sana kwa hilo, lakini hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Ibara ya 98 inalipa Bunge uwezo wa kuibadili Katiba, na kwa mambo ya Muungano inataka theluthi mbili ya wabunge wa kila upande. Hadi 2005 ilikuwa imebadilishwa mara 14. Haki za binadamu ziliingia hivyo mwaka 1984. Kwa njia hiyohiyo, mwaka 2000, liliondolewa sharti la Rais kupata zaidi ya nusu ya kura. Viraka vimetupa na vimetunyang'anya. Siku chache baada ya kauli ya Werema, katika salamu za mwaka mpya, Rais Kikwete akatangaza mchakato wa katiba mpya.

Nasita zaidi kwenye 2014, kwa sababu pale ndipo hoja za wapinzani wa Bunge Maalumu zilipopata ushahidi.

Mwaka mmoja kabla, Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa imeitembeza rasimu yake kwenye mabaraza ya katiba, ambako kata nyingi za Tanzania Bara zilitoa watu wanne kila moja. Majina yao yalipita mkutano wa kijiji, kisha yakachujwa na kamati ya maendeleo ya kata, ambako madiwani ndio wenye sauti. Hata hivyo watu walisema. Rasimu ya pili ilikuwa na serikali tatu, iliwapa wapiga kura uwezo wa kumwondoa mbunge kabla ya muda wake, iliweka ukomo wa vipindi vya ubunge, na ilikataza waziri kuwa mbunge.

Bunge Maalumu lilianza Dodoma Februari 18, 2014. Wajumbe walikuwa zaidi ya 600: wabunge, wawakilishi kutoka Zanzibar, na watu 201 walioteuliwa na Rais. Wiki za mwanzo zilikwenda kwenye kanuni na ubishi wa kura ya siri au ya wazi, huku posho ikiwa shilingi 300,000 kwa siku na baadhi wakisema haitoshi. Aprili 16 wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje. Waliobaki wakarudi Agosti, na Oktoba 2 wakapitisha andiko, ndiyo hiyo Katiba Inayopendekezwa, ambalo halikuwa na hata kimoja kati ya vitu vile vinne vya rasimu ya Warioba. Walipokwenda mahakamani watu waliosema Bunge hilo halina uwezo wa kuipindua rasimu ya wananchi, Mahakama Kuu ikasema uwezo linao.

Hilo ndilo waliloliogopa wanaopinga mikutano ya katiba duniani kote: ukishaiitisha, huwezi kuifunga kamba. Wamarekani wanaotahadharisha juu ya jambo hili huirejelea Philadelphia ya 1787, ambako wajumbe waliotumwa kurekebisha mkataba wa majimbo walitoka na katiba mpya kabisa. Tofauti ni kwamba Dodoma mkutano haukuwaponyoka wakubwa. Uliwaponyoka wananchi.

Majirani wametuonyesha mengine. Kenya iliwakusanya wajumbe 629 Bomas mwaka 2003. Mapendekezo yao yakabadilishwa, na Novemba 2005 wananchi wakayakataa. Katiba iliyosimama, ya Agosti 2010, iliandaliwa na kamati ya wataalamu, ikapita bungeni na kwenye kura ya maoni bila mkutano mkubwa. Uganda ilifanya vizuri kuliko sote kwa kuwachagua wajumbe wengi kwa kura mwaka 1994. Hata hivyo ukomo wa mihula walioweka uliondolewa na Bunge mwaka 2005, na ukomo wa umri ukafuata 2017.

Hoja moja siikubali: kwamba mwananchi anataka maji na barabara, na katiba ni anasa ya wasomi. Rais Magufuli alisema mwaka 2018 kwamba hatatoa fedha kwa kazi hiyo, na Rais Samia alipoingia aliomba kwanza asimamishe uchumi. Njoo Mbarali. Tangu Tangazo la Serikali namba 28 la 2008 lilipopanua Hifadhi ya Ruaha, wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu wameishi bila uhakika kama wanapolima ni kijiji au hifadhi. Ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Ni nani anaweza kuchora mpaka upya, na mwenye shamba akimpinga anakwenda wapi? Mtu anayengoja zamu yake kwenye mashine ya kukoboa pale barabarani Chimala anaijua gharama ya swali hilo kwa hesabu ya magunia.

Mwaka 2022 kikosi kazi cha Profesa Rwekaza Mukandala kilipendekeza jopo la wataalamu liandae rasimu, Bunge la Muungano liipitishe, wananchi wapige kura. Bunge Maalumu lisiwepo. Kwa yaliyotokea Dodoma, naelewa kwa nini. Lakini Bunge linalopewa kazi hiyo limejaa chama kimoja karibu kiti kwa kiti, na njia hii inamrudishia kalamu mwanasiasa yuleyule, safari hii bila hata wale 201 wa kumbishia. Kama tunalikataa Bunge Maalumu kwa sababu wanasiasa waliliteka, basi tuanze na sharti hili: wajumbe wachaguliwe na wananchi kwa kazi hiyo tu, na mbunge, waziri au diwani asiwe miongoni mwao.