Njia za Miguu za Uluguru: Nani Alizichonga, Nani Atazitunza



Siku hizi ukisimama Jumamosi asubuhi pale njia ya Morningside inapoanza kupanda, utawakuta vijana wa mjini wamevaa viatu vya kupandia milima, mabegi mgongoni, wakipiga picha. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Morogoro mwaka 2024, mtu anaweza kutoka Dar alfajiri, akapanda mlima na kulala kwake usiku. Wengine huishia Morningside, kwenye jengo la kale la enzi ya Wajerumani. Wengine huenda Choma. Wenye pumzi hujaribu Bondwa au Lupanga, vilele vyenye zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, ilhali mji wenyewe uko kwenye mita 500 hivi.

Kwenye njia hizohizo wanapishana na mama zetu wakishuka na mikungu ya ndizi, mboga na matunda kichwani kwenda sokoni. Mgeni mwenye adabu husogea pembeni. Anafanya vyema, kwa kuwa mwenye njia ni yule mwenye mzigo.

Katika vikao vyetu vya mwaka huu baadhi ya wanachama waliuliza: kwa nini chama kichangishe fedha kwa ajili ya njia za watalii, wakati tunahitaji barabara ya magari? Swali ni la haki. Tumeona tulijibu kwa kusimulia njia hizi zimetoka wapi, kwa maana wengi wetu tulizaliwa tukazikuta, tukadhani zilikuwapo tangu mlima uumbwe.

Njia za ukoo na njia za maombi

Jina letu linatokana na mlima, lugulu kwa lugha yetu. Wazee wanasimulia kwamba mababu walipanda huku kutoka sehemu mbalimbali, wengi wakitafuta mahali pa usalama, mvua na ardhi nzuri. Ardhi ikawa mali ya ukoo, na ukoo ukafuata upande wa mama. Nyumba zilijengwa zikitazamana kutoka mgongo mmoja wa mlima hadi mwingine, korongo likiwa katikati. Ili kwenda kwa mjomba, kulima shamba la mama au kuzika, ilibidi mtu ashuke mtoni na kupanda tena. Ndivyo njia za mwanzo zilivyochongwa, na kwa sehemu kubwa ni nyayo za watu wa ukoo mmoja wakitembeleana.

Nyingine zilitoka mbali zaidi. Upande wa kusini mashariki kuna pango la Kolelo, ambako watu walikwenda kuomba mvua na mavuno. Hawakuwa Waluguru peke yao. Wazaramo nao walisafiri kutoka tambarare hadi huko. Kabla hajatokea mtalii wa kwanza mwenye kamera, kulikuwa na wasafiri waliopanda milima yetu kwa miguu, wakiwa na haja nzito moyoni.

Chini ya mlima ilipita njia kuu ya misafara kati ya Bagamoyo na Tabora. Hapo ndipo Kisabengo alipojenga mji wake wenye ukuta, na baada yake akatawala binti yake, Simbamwene. Stanley alipita hapo mwaka 1871 akauona. Misafara ilihitaji chakula, na milima ilikuwa na chakula. Njia za kushukia mjini zikaanza kuwa njia za biashara.

Reli, vita na wapagazi

Mwaka 1907 reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro, na mji ukakua haraka. Waliokuwa wakishuka mara moja moja wakaanza kushuka kila wiki. Safari ikawa na mpangilio ambao sisi wa umri mkubwa tunaukumbuka kwa mama zetu: kufunga mzigo jioni, kuamka kabla ya jogoo, kushuka kwa mwanga wa kijinga cha moto, kufika sokoni jua likichomoza, na kurudi mchana na chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Mtoto aliyekuwa mgongoni mwaka huu, miaka michache baadaye alikuwa na kikapu chake kichwani.

Angalieni jinsi njia zenyewe zilivyopita. Barabara ya gari huzunguka mlima kwa sababu gari haliwezi mteremko mkali. Njia ya miguu hufuata mgongo wa mlima, kwa sababu mgongoni maji hayatuami na udongo hukauka upesi baada ya mvua. Panapokuwa pakali sana inapinda kidogo, pakilegea inanyooka. Hakuna mhandisi aliyepima. Walipima kwa magoti na shingo.

Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Kisaki huku milima yetu ikizungukwa na majeshi pande zote mbili. Vita vya Afrika Mashariki vilibebwa vichwani mwa wapagazi, na wengi wao hawakurudi makwao. Leo mgeni akisema njia hizi ni za kupumzisha akili, tusimkatalie. Ila watoto wetu wajue kwamba kuna waliozitembea bila hiari.

Matuta ya mwaka 1955

Sura inayotugusa zaidi ni ile ya matuta. Baada ya Vita ya Pili serikali ya Kiingereza iliona udongo wa Uluguru unamomonyoka na kwenda mtoni. Hofu hiyo haikuwa ya uongo. Kosa lilikuwa katika dawa. Ukaletwa mpango wa kuwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi pana kwenye miteremko, na asiyechimba akaadhibiwa. Katika sehemu nyingi udongo mzuri ni tabaka jembamba la juu. Ukikata tuta pana, unaufukia ule mzuri na kuufunua ule usiozaa. Watu walitoa jasho, kisha wakavuna kidogo kuliko mwanzo. Kule Mgeta wakulima walikuwa na ngazi zao ndogo za asili, wakifukia majani ndani ili yaoze yawe mbolea, lakini hawakuulizwa.

Mwaka 1955 hasira ilifurika. Watu walikusanyika Matombo, polisi wakaitwa, na mtu akapoteza maisha. Mpango ule ukaachwa. Habari za kukataa zilisafiri kutoka mgongo hadi mgongo kwa njia hizi za miguu.

Tunaikumbuka sura hii kwa sababu ina funzo la pande mbili. Kazi ya kulazimishwa haikudumu. Lakini mmomonyoko haukuondoka pamoja na wakoloni. Mvua ya masika haiulizi nani yuko madarakani.

Msitu, maji na wageni

Mwaka 2008 misitu ya Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki iliunganishwa kuwa hifadhi moja ya mazingira asilia, yenye zaidi ya hekta 24,000. Humo kuna ndege na mimea isiyopatikana mahali pengine popote duniani, na kuingia kunahitaji kibali. Wazee wengine waliona mlango umefungwa, kwa kuwa walizoea kupita humo kuokota kuni, kutafuta dawa au kwenda upande wa pili. Malalamiko hayo tunayajua na hatuyadharau. Lakini tunajua pia kwamba mito inayoshuka kutoka msitu huo ndiyo inayoujaza Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Mwenzetu unayeishi Temeke au Kinondoni, unapofungua bomba asubuhi, kuna uwezekano mkubwa unakunywa maji ya nyumbani.

Watu husema Morogoro ni mji kasoro bahari. Hao wanaopanda kila mwisho wa wiki wanakuja kutazama hicho ambacho bahari haina: ukungu unaoshuka mchana, maporomoko ya maji, mashamba yaliyoning'inia, na taa za mji zikionekana chini jioni. Wanaleta fedha kidogo kwa vijana wanaowaongoza na kwa mama anayeuza chai. Hilo ni jema. Ila kila mguu unaopita unaacha alama, na pikipiki zinaacha kubwa zaidi. Tairi huchimba mfereji katikati ya njia, mvua huugeuza kuwa mto, na baada ya misimu miwili mitatu njia imekuwa korongo. Watu wanahamia pembeni, wanakanyaga shamba la mtu, na korongo la pili linaanza.

Masika yaliyopita tulimbeba mama mjamzito kwa machela kumteremsha hospitali. Penye kijito gogo la kuvukia lilikuwa limeoza. Wabebaji wanne walisimama kwenye maji ya kiunoni wakipokezana machela kwa mikono. Mama na mtoto wako salama, tunamshukuru Mungu. Lakini wale wanne hawakutuuliza kama njia ile ni ya watalii au ni ya kwetu.

Tunachoomba

Zamani kila kitongoji kilisafisha kipande chake kabla ya masika. Hapakuwa na posho. Desturi hiyo imelegea kwa sababu vijana wengi tumeshuka mjini, na waliobaki ni wachache na wamechoka. Sisi tulioondoka ndio tuliopunguza mikono. Kwa hiyo ni haki sisi ndio tulete mchango.

Fedha za harambee ya mwaka huu zitafanya kazi tatu. Ya kwanza ni kujenga vivuko imara vya miguu mahali ambapo leo kuna magogo. Ya pili ni kupanga mawe ya ngazi kwenye miteremko inayoteleza, na kuchimba mitaro ya mshazari ya kutoa maji njiani kabla hayajapata nguvu. Ya tatu ni kuwalipa mafundi na vibarua wa vijiji vyenyewe, chini ya usimamizi wa serikali za vijiji, ili ujuzi ubaki mlimani. Safari hii waulizwe wenye mlima kwanza. Kipi kianze wataamua wanaopita kila siku, na wengi wao ni akina mama.

Barabara ya magari tutaendelea kuidai. Lakini hata ikija haitafika kila mlango. Kutoka mwisho wa barabara hadi nyumbani kwa bibi yako kutabaki njia ya miguu, ileile aliyokushusha nayo mgongoni.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Asiye na fedha alete siku zake: kazi itaanza baada ya mavuno, kabla ya vuli. Njooni na majembe, na njooni na watoto wenu waliozaliwa mjini. Wapandeni nao hadi juu, muwaonyeshe mji ulivyo mdogo ukiutazama kutoka kwenu.