Mahmoud Abdul-Rauf na Adhabu Isiyo na Barua

Kila ninapofundisha mada ya uhuru wa dhamiri, hakosi mwanafunzi wa kumtaja Colin Kaepernick, aliyepiga goti mwaka 2016. Mimi huwarudisha nyuma miaka ishirini, hadi Denver, kwa mcheza kikapu aliyelipa gharama kama hiyo kabla ya kuwapo mitandao ya kijamii ya kumtetea.

Alizaliwa mwaka 1969 mjini Gulfport, Mississippi, akaitwa Chris Jackson. Alilelewa na mama yake katika ufukara, na tangu utotoni aliandamwa na ugonjwa wa Tourette, ambao humtikisa mtu na kumfanya arudie vitendo bila hiari. Maradhi hayo yalichangia kumfanya fundi: hakuweza kuondoka uwanjani mpaka mpira upenye wavuni kwa sauti aliyoitaka, mara nyingi mfululizo. Msimu wa 1988/89, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, alifunga wastani wa pointi 30.2 kwa mchezo. Mwaka 1990 Denver Nuggets walimchukua akiwa chaguo la tatu la vijana walioingia NBA. Alisilimu mwaka 1991, na mwaka 1993 akawa Mahmoud Abdul-Rauf.

Katika msimu wa 1995/96 hakuwa akisimama wimbo wa taifa ulipopigwa. Kwa miezi kadhaa hakuna aliyejali. Mwezi Machi habari zilipofika redioni, alieleza kwamba kwake bendera ile ilikuwa alama ya ukandamizaji na kwamba imani yake haikumruhusu kuitukuza. Tarehe 12 Machi 1996 NBA ilimsimamisha bila malipo, hasara ya zaidi ya dola 31,000 kwa kila mchezo. Chama cha wachezaji kilimtetea, na baada ya mchezo mmoja tu wakaafikiana: atasimama, atainamisha kichwa, ataomba dua.

Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika shauri la Barnette kwamba shule ya serikali haina mamlaka ya kumlazimisha mtoto aisalimu bendera. Lakini ulinzi huo wa katiba huibana serikali. NBA ni mwajiri binafsi, na kanuni yake ilimtaka mchezaji asimame. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wataelewa upesi uzito wa tofauti hiyo.

Mwanasheria angefunga jalada hapo. Mimi hulifungua hapo, kwa sababu adhabu kubwa ilikuja baada ya suluhu. Msimu ule Abdul-Rauf aliiongoza Denver kwa wastani wa pointi 19.2, mwezi Juni akauzwa Sacramento. Huko dakika zake zilipunguzwa, na mkataba ulipokwisha mwaka 1998, akiwa na miaka 29, hakupata timu ya NBA. Barua ya kumfungia haijawahi kuonekana. Wapo wanaosema kiwango chake kilishuka, na takwimu za Sacramento kweli zilishuka. Ila takwimu za mtu aliyekalishwa benchi hutueleza kwanza habari za benchi.

Akaenda Fenerbahçe ya Uturuki. Msimu wa 2000/01 alirudi NBA kwa muda mfupi katika timu ya Vancouver, kisha mlango ukafungwa kabisa. Mwaka huohuo wa 2001 nyumba yake huko Mississippi iliteketea, kwa moto ulioshukiwa kuwashwa makusudi. Kabla ya hapo eneo hilo lilikuwa limeandikwa herufi za Ku Klux Klan. Yeye aliendelea kufuata kazi ilipo: Perm nchini Urusi, Roseto nchini Italia, Thessaloniki, Jeddah, na mwisho Kyoto, Japani, alikocheza hadi mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 42.

Chuo chake kiliistaafisha jezi yake, namba 35, mwaka 2020. Katika jezi waliyoitundika ukutani, jina ni Abdul-Rauf.