Kabla ya Kisu

Mwandishi Mwingereza Fanny Burney alikatwa titi mjini Paris tarehe 30 Septemba 1811, akiwa macho, na cha kumtuliza kilikuwa kinywaji cha mvinyo tu. Miongoni mwa madaktari alikuwemo Larrey, yule wa majeshi ya Napoleon. Ilimchukua miezi kumaliza barua ya kumsimulia dada yake Esther, na mpaka leo barua hiyo haisomeki kwa pumzi moja. Enzi zile njia ilikuwa moja: ukiota uvimbe, kisu. Basi.

Na kisu kikazidi kuchimba. Mwishoni mwa karne ya 19, William Halsted wa Baltimore aliondoa titi zima, misuli ya kifua na tezi za kwapani, akiamini saratani hutambaa kutoka titini hatua kwa hatua. (Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni kaa. Huyo huyo wa baharini.)

Aliyempinga ni Bernard Fisher wa Pittsburgh. Mwaka 1988 yeye na wenzake walianza jaribio la wanawake 1,523: kundi moja lipewe dawa baada ya upasuaji, jingine kabla. Ukitazama juu juu, matokeo yalikatisha tamaa, maana makundi yote mawili yaliishi sawa. Ila wale waliopasuliwa isikutwe hata seli moja ya saratani waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Dawa ni zile zile, dozi ile ile. Kwa nini uvimbe wa huyu umeyeyuka na wa yule umekaa kama jiwe?

Sehemu ya jibu ilikuwa kwenye jeni. Mwaka 1990 Mary-Claire King alionyesha kwamba saratani ya matiti inayorithiwa kwenye baadhi ya familia inatokana na jeni iliyoko kwenye kromosomu ya 17, ambayo leo tunaiita BRCA1. Jeni hii ni fundi: DNA ikikatika, inasaidia kuiunga. Fundi akiharibika, mwanamke yuko hatarini. Lakini uvimbe nao unabaki bila fundi, na ukiupiga kwa dawa inayovuruga DNA, kama sisplatini, hauna wa kuutengeneza.

Mwaka 2010 watafiti wa Poland waliripoti wanawake 12 wenye kasoro ya BRCA1 waliopewa sisplatini kabla ya upasuaji. Kwa 10 kati yao, saratani ilitoweka titini. Niliposoma hapo nilitaka kupiga vigelegele. Halafu likaja jaribio la Marekani, 2020, likailinganisha sisplatini na dawa za zamani kwa wanawake wenye kasoro za BRCA: ilitoweka kwa asilimia 18 tu, dhidi ya 26 za dawa za zamani. Ambazo nazo, kumbe, hushambulia DNA. Vigelegele nikavimeza.

Jeni nyingine hufanya kinyume. Kwenye uvimbe wenye HER2 kupita kiasi, watafiti wa Ujerumani waliona mwaka 2014 kwamba PIK3CA ikiwa na kasoro, saratani hutoweka kwa mgonjwa mmoja kati ya watano hivi. Isipokuwa nayo, mmoja kati ya watatu.

Burney aliishi miaka mingine 28, hadi 1840. Wapo wanaouliza kama ule uvimbe ulikuwa saratani kweli.