Kineno ‘the’ hubadilisha maana ya nomino

KIINGEREZA hutumia vibainishi, yaani vineno ‘a’, ‘an’ na ‘the’, kuonyesha iwapo kitu kinachotajwa kinajulikana kwa msikilizaji. Kosa la kukidondosha kimoja huweza kugeuza habari.

Katika Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho msingi wa masomo nchini Kenya, aliye ‘in hospital’ amelazwa. Aliye ‘in the hospital’ huenda amekwenda kumjulia hali mgonjwa tu. Vivyo hivyo, ‘tea’ ni chai kwa jumla, ‘a tea’ ni kikombe kimoja, na ‘the tea’ ni ile iliyokwisha kutajwa.

Kiswahili hakina vibainishi hivyo, lakini hueleza dhana hiyo kwa njia nyingine. ‘Nimenunua chai’ ni chai yoyote. ‘Nimeinunua chai’ ni ile inayojulikana.

Mwanafunzi wa Siongiroi, Kaunti ya Bomet, ana mfano mwingine nyumbani. Katika lugha ya Kipsigis, mtoto ni ‘lakwa’ au, kwa kiambishi tamati, ‘lakwet’. Hata hivyo, ‘lakwet’ ndilo umbo la kawaida hata mtoto asipojulikana, hivyo asilifasiri kila mara kwa ‘the’.