Mtunzi Hana Kisanduku

Wapenzi wa Mozart na Beethoven wana malalamiko ya miaka mingi kuhusu muziki wa kwenye kompyuta. Programu inadai vitu vitatu: wimbo, msanii, albamu. Sasa chukua Simfonia ya Tano ya Beethoven, iliyopigwa na Vienna Philharmonic, Carlos Kleiber akiongoza. Msanii ni nani hapo? Beethoven, aliyefariki 1827? Okestra? Au Kleiber mwenye kijiti? Ukimwandika mmoja, wengine wanapotea. Na huo "wimbo" wenyewe una sehemu nne, ambazo simu ikiamua kuchanganya, inazipiga huku na huku kama kanda iliyokatika.

Ukiyasikia malalamiko hayo ukiwa Kibosho, unaweza kusema ni shida za watu wenye nafasi. Mimi naona ni shida yetu kabisa, na kwetu imekaa vibaya zaidi.

Misheni ya Kibosho ilianzishwa 1893, miaka miwili baada ya Wajerumani kumpiga Mangi Sina. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda mlimani na Misa ya Kilatini, na pamoja nayo desturi ya kuandika sauti kwenye karatasi. Misa ile ilikuwa na sehemu zake tano za kuimbwa, ambazo leo tunazijua kama Bwana Utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mtakatifu na Mwanakondoo. Mozart alitunga Misa zake kwa sehemu hizohizo. Watunzi wetu nao wanazitunga hizohizo. Muziki wa sauti nne, umeandikwa kwa nota, mtunzi yuko mbali na waimbaji, na katikati yupo mwalimu wa kwaya anayeongoza kwa mikono. Mtu akiniambia huo si ndugu wa damu wa muziki wa klasiki, itabidi anieleze ni nini basi.

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia, ukaruhusu lugha za watu na kutaka muziki wao uheshimiwe. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, Mtanganyika, alichapisha kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Mlango ukafunguka. Ndiyo tukapata kina Kayeta, Mgandu, Makoye, na baadaye Mukasa, na wengine wengi wanaofahamika jimboni mwao tu. Ibada inahitaji nyimbo kila Dominika: za mwanzo, zaburi, matoleo, komunyo, shukrani. Kwa hiyo jina la wimbo peke yake halikusaidii kitu. Ukimwambia mwalimu wa kwaya "tuimbe Utukufu", atakuuliza palepale: "Upi? Wa nani?"

Swali hilo, "wa nani", ndilo tunalolipoteza.

Angalia karatasi ya nota. Juu katikati pana jina la wimbo, na pembeni, mkono wa kulia, jina la mtunzi. Jina la kwaya halipo, maana karatasi ni ya kwaya yoyote itakayoimba. Zilipokuja kanda, mambo yakageuka. Kwenye jalada, kwaya ndiyo ikachukua herufi kubwa na picha ya sare mpya. Mtunzi akibahatika, aliandikwa ndani kwenye mabano. Walau mabano yalikuwepo.

Halafu ikaja MP3. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni njia ya kubandika maelezo mwishoni mwa faili, katika baiti 128 tu. Jina la wimbo lilipewa herufi 30, msanii 30, albamu 30, mwaka 4, maoni 30, na namba moja ya aina ya muziki. Mtunzi hakupewa hata herufi moja. Jaribu sasa kuingiza kwaya zetu humo. Tuseme unaandika "Kwaya ya Mtakatifu Sesilia Parokia ya" na kadhalika. Herufi ya 30 inaishia kwenye "Par". Na Sesilia ndiye msimamizi wa wanamuziki, kwaya zenye jina lake zimejaa kila jimbo. Umebaki na kwaya isiyo na parokia na wimbo usio na mwenyewe.

Toleo la 1998 liliongeza kisanduku cha mtunzi, lakini nani anakijaza? Wakati fulani nilipewa flashi ya nyimbo za kwaya za huku mlimani. Nusu ya mafaili yaliitwa "Track 01", "Track 02". Mengine yalikuja na majina ya WhatsApp, AUD, tarehe, WA na namba. Hata ile tarehe inasema siku sauti ilipotumwa au kupokelewa, si siku watu walipoimba. Na kila Desemba, Wachaga wakirudi nyumbani kwa Krismasi, simu zinainuliwa kanisani na sauti za namna hiyo zinaongezeka.

Si suala la unadhifu tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mtunzi, lakini atadaije haki yake kwenye faili lisilomtaja? Na hata pesa ukiiweka kando, kuna heshima. Mtu alikaa usiku na kinanda akatafuta besi ya kubeba maneno "utuhurumie", halafu miaka ishirini baadaye wimbo unaitwa "ule wa Sesilia".

Wazungu nao walichelewa. Mozart alifariki 1791, na orodha kamili ya kazi zake ilitoka 1862. Aliyeipanga, Ludwig von Köchel, alikuwa mwanasheria aliyependa kuchunguza mimea na madini. Alimpanga Mozart kwa mfuatano wa miaka, namba 1 hadi 626. Mtoto wa Mozart aliyebaki hai hadi mwisho alikuwa ameshafariki 1858. Köchel alibaki na karatasi tu.

Kwa upande wa nota, sisi tumeshaanza. Swahili Music Notes inazipanga kwa mtunzi na kwa matumizi, yaani mwanzo, matoleo, komunyo, vilevile kama walimu wa kwaya walivyozoea kupanga madaftari yao. Hiyo ni akili ya kwetu, na inaujua muziki huu kuliko "msanii" na "albamu". Kilichobaki nyuma ni sauti zenyewe, na dawa yake haihitaji programu mpya. Kabla hujatuma, badili jina la faili: wimbo, mtunzi, kwaya, parokia, mwaka.

Usipomjua mtunzi, uliza. Kibosho bado wapo walimu wa kwaya ambao ukiwasikilizisha sauti ya kwanza na ya nne kwa sekunde kumi, wanakutajia mtunzi na mwaka walioujifunza. Köchel hakuwa na wa kumuuliza. Sisi tunao, na wengi wao ni wazee.