Munich 1972: sekunde 3 zilizoamriwa na mtu asiye muamuzi

Kwenye basketi, kila muamuzi ana upande wake wa kuangalia. Akipiga filimbi upande wa mwenzake, kelele huanza. Lakini huko Munich, Ujerumani ya Magharibi, usiku wa kuamkia tarehe 10 mwezi wa tisa 1972, aliyeingilia hakuwa hata na filimbi.

Marekani iliongoza 50-49 mbele ya Umoja wa Kisovieti. William Jones, katibu mkuu wa FIBA, alishuka kutoka jukwaani akaagiza saa irudishwe kwenye sekunde 3. Mamlaka hayo hakuwa nayo. Alexander Belov akafunga, 51-50. Muamuzi Renato Righetto, Mbrazili, alikataa kutia sahihi karatasi ya mchezo. Rufaa ya Wamarekani ikaanguka kwa kura 3 dhidi ya 2, na medali za fedha wakazikataa.