Talaka katika sheria ya Tanzania Bara

Talaka ni kuvunjwa kwa ndoa halali wakati mume na mke wote wangali hai. Tanzania Bara, mwenye mamlaka ya kuivunja ni mahakama, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iwe ndoa ilifungwa kanisani, msikitini, kimila au bomani. Zanzibar sheria hiyo haitumiki. Huko talaka za Waislamu huamuliwa na Mahakama ya Kadhi.

Mambo mawili huchanganywa na talaka. Kutengana kwa amri ya mahakama huwaondolea wanandoa wajibu wa kukaa pamoja, lakini ndoa hubaki, na mke hawezi kuolewa kwingine. Kubatilisha ndoa hasa ni kwa ajili ya kasoro iliyokuwapo tangu siku ya kufungwa, kama vile bibi harusi kuwa na mimba ya mwanamume mwingine bila mumewe kujua.

Kwa talaka yenyewe, sababu ni moja tu: ndoa iwe imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ugoni, ukatili, kutelekezwa kwa miaka 3 au zaidi, kifungo kisichopungua miaka 5 na mengineyo yaliyotajwa ni ushahidi wa kuvunjika huko. Hakimu huutazama wote pamoja. Ndoa isiyotimiza miaka 2 haiombewi talaka bila kibali maalumu cha mahakama.

Kabla ya mahakama kuna Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kila kata inatakiwa kuwa na lake, na jumuiya za dini zinaweza kuwa na yao yaliyoidhinishwa na waziri. Baraza halivunji ndoa. Likishindwa kupatanisha hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na bila hati hiyo shauri halipokelewi, isipokuwa kwa sababu chache kama mwenza kutojulikana aliko. Si mara moja majaji wamefuta mwenendo mzima kwenye rufani kwa kasoro ya hati hii, na wahusika wakarudi kuanza upya.

Penye utata zaidi ni talaka za Kiislamu. Fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, ina talaka rejea, ya kwanza na ya pili, ambapo mume anaweza kumrudia mke kabla ya kwisha kwa eda, muda wa kungoja wa mke aliyeachwa. Eda ikiisha, hawana budi kufunga ndoa mpya. Baada ya talaka ya tatu, mke hamrudii mumewe mpaka aolewe na mwingine na ndoa hiyo nayo ivunjike. Iko khului, mke anapojivua kwa kurudisha mahari au kitu walichokubaliana, na iko faskhi, kadhi anapoivunja ndoa kwa kosa la mume, kwa mfano kutotoa matunzo.

Sheria ya 1971 haikuzifuta njia hizi, bali iliziingiza kwa mlango mwembamba. Kifungu cha 107(3) kinasema kwamba ikiwa ndoa ilifungwa Kiislamu, baraza limetoa hati ya kushindwa, kisha mmoja akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingeivunja ndoa, mahakama itatamka kuwa ndoa imevunjika na kutoa amri ya talaka. Kwa hiyo utaratibu ndio wenye uzito: baraza kwanza, kutaliki baadaye, mahakama mwisho. Mwanamke aliyeishia kwenye karatasi ya talaka ya sheikhe ameachika kwa dini yake, lakini serikali bado inamhesabu mke wa mtu, na ndoa mpya atakayofunga inaweza kuonekana batili.

Amri ya mahakama ndiyo pia inayofungua mgawanyo wa mali iliyochumwa pamoja, chini ya kifungu cha 114. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali hiyo. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu: mahakama iliona kuwa fedha alizokwisha kupewa na mumewe, naye akazitapanya, zilikuwa ndilo fungu lake.